Jiwe la Nne

Kivuli kilianguka juu ya nyuzi za mtande kabla sauti haijasikika. Elasa alikuwa amepitisha uzi wa mshindio nusu ya shuka. Aliuacha hapo hapo akageuka. Mlangoni alisimama mwanamke asiyemfahamu. Vumbi la barabara lilikuwa limempanda hadi magotini, na kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimelowa jasho.

"Shuka zote za wiki hii zina wenyewe," Elasa alisema. "Rudi baada ya Sabato, dada."

"Sikufuata shuka. Namtafuta Elasa mwana wa Gadieli, yule anayewahoji mashahidi wa baraza."

"Ni mimi."

"Nilidhani ni mzee."

"Nipe muda, nitakuwa."

Kicheko kilisikika uani. Mama yake Elasa, Bibi Tirza, aliingia na mtungi wa maji, akamshika mgeni mkono na kumkalisha kwenye mkeka, chini ya kile kipande cha ukuta kisichopakwa chokaa, kilichoachwa wazi kwa ajili ya Nyumba ya Mungu iliyoungua Yerusalemu.

"Kunywa, mwanangu. Huyu asikutishe, ana ugonjwa wa maswali. Jana ameniuliza nani kamaliza zeituni."

"Ukamjibu nini, mama?"

"Nikamwambia alete mashahidi wawili."

Mgeni alitabasamu, akanywa, akafuta midomo kwa kiganja. "Naitwa Penina, wa Gimzo. Kesho kutwa, Alhamisi, baraza lenu linaketi kunitangaza mjane."

Elasa alilikumbuka shauri hilo. Mume wa mwanamke huyu, Malkiya, alikuwa mwandishi wa magombo kule Yerusalemu. Siku Warumi walipoichoma Nyumba, watu wawili wa hapa Lodi walimwona akiingia katika lango lililokuwa likiwaka. Hakuonekana tena. Miaka kumi na tano ilikuwa imepita, na sasa mfinyanzi wa Gimzo aitwaye Yakimu alikuwa amemposa mkewe. Wazee wa baraza waliliona kuwa jambo la kheri, la kumalizwa kabla ya chakula cha mchana.

"Tatizo liko wapi?" aliuliza.

"Sabato iliyopita mchuuzi mmoja alipita kwetu na gombo. Likasomwa sinagogini. Njozi za mtu wa kale, Yehieli, mtunza taa wa Nyumba ya kwanza, aliyechukuliwa mateka hadi Babeli. Watu walilia. Shemeji yangu tangu siku hiyo hajapogoa mzabibu hata mmoja. Anasema ya nini, na mwisho uko mlangoni?"

"Magombo ya namna hiyo siku hizi ni mengi kama inzi sokoni."

"Najua. Lakini hili lina jiwe langu ndani yake."

Elasa aliketi.

"Malkiya na mimi tulikuwa na jiwe la kusagia," Penina alisema. "Bovu. Kila mzunguko wa tatu lilikuwa linalia, kama mbuzi aliyepotewa na mamake. Majirani walikuwa wakitucheka. Siku moja nikachukua mafuta nitie kwenye kijiti cha katikati, mume wangu akanishika mkono. Akasema, 'Usilitie mafuta. Nikiwa napanda mtaani jioni, nikilisikia linalia, najua uko nyumbani.' Akaniahidisha."

"Na gombo linasemaje?"

"Mle ndani kuna mwanamke anasaga. Jiwe lake linalia mzunguko wa tatu kama mbuzi aliyepotewa na mamake. Halafu mwandishi anasema, 'Wala hakulitia mafuta.' Basi. Watu walipita juu ya neno hilo kama juu ya kokoto."

"Nani mwingine aliyajua maneno ya mafuta?"

"Tulikuwa wawili, na mlango umefungwa."

"Huenda aliyaandika kabla ya vita."

"Ndiyo maana nimekuja kwako." Penina aliweka kikombe chini. "Kama aliandika kabla ya moto, basi amekufa motoni kama walivyosema, na Alhamisi mimi ni mjane. Kama aliandika baada..."

"Yakimu anajua umekuja?"

"Nilimwambia naenda Lodi. Hakuuliza. Akanipa mkate wa njiani. Ni mtu mwema, mwalimu, usinifanye niseme zaidi."

"Wewe unataka nipate jibu lipi?"

"La kweli."

"La kweli linaweza kukukatia pande zote mbili."

"Nimelala na pande zote mbili miaka yote hii. Nipe moja nipumzike." Alisimama, akajifunga vizuri kitambaa. "Ila niahidi kitu. Ukishajua, niambie mimi kwanza. Nisilisikie barazani, wanaume wa Lodi wananitazama wakichezea ndevu."

"Hilo dogo," Elasa alisema. "Nakuahidi."

Mwanamke alipokwisha kutoka, Bibi Tirza aliokota kikombe. "Dogo," alisema. "Hata kaa la moto ni dogo."

*

Zakai, mmoja wa wale mashahidi wawili, alikuwa kwenye kinu chake cha kukamulia zeituni, mikono inang'aa mafuta hadi viwikoni.

"Tena?" alisema alipomwona Elasa. "Si nilikwisha kusema? Yule mwenzangu kafa, nami nikifa mtakuja kunihoji kaburini?"

"Swali moja tu, mjomba. Ulimwona Malkiya akianguka?"

"Nilimwona akiingia langoni, kabeba kapu tupu. Alikuwa anafuata magombo. Lango lilikuwa moto mtupu."

"Ulimwona akianguka?"

"Mwalimu, paa lilikuwa linashuka vipande vipande!"

"Ukaliona likimshukia?"

Zakai alijipangusa mikono kwa kitambaa, polepole, kidole baada ya kidole. "Nilikuwa nakimbia," alisema mwishowe. "Ulitaka nisimame nitazame? Nani aliingia mle akatoka?"

"Ndilo ninalouliza."

"Basi sikumwona. Niliona moto."

Wote wawili walijua maana yake katika sheria. Aliyezama katika kisima, ukakaa ukingoni usimwone akiibuka, huyo amekufa. Lakini aliyezama katika maji yasiyo na ukingo hahesabiwi kuwa amekufa. Huenda ameibukia ufukwe mwingine usiouona. Wazee walikuwa wameuhesabu moto wa Yerusalemu kuwa kisima. Hakuna aliyeuliza kama nao ulikuwa na ufukwe mwingine.

"Sikudanganya," Zakai alisema.

"Hukudanganya, mjomba. Ulimalizia tu mahali macho yako yalipoishia. Sote tunafanya hivyo."

*

Mchuuzi wa gombo aliitwa Yadoni. Alikuwa amepanga vikombe vya kioo juu ya mkeka karibu na lango la mji, na wanawake watatu walikuwa wakivishika bila nia ya kununua.

"Karibu, mwalimu! Kikombe kwa ajili ya mke?"

"Sina mke."

"Basi cha kumtafutia. Mwanamke akiona divai yake ndani ya kioo cha buluu, hachomoki."

"Nimefuata gombo. Nasikia ni la kale."

Yadoni alishusha sauti na kuweka uso wa ibada. "La kale sana. Limetoka pangoni, karibu na Bahari ya Chumvi. Ndani ya mtungi. Mchungaji alitupa jiwe, akasikia mlio..."

"Pango liko upande gani wa bahari?"

"Upande wa... milima."

"Milima iko pande zote. Ulilipata mwezi gani?"

"Wakati wa mvua za mwisho."

"Bonde lile likiwa limejaa maji, mchungaji alipanda na nini? Mabawa?"

Wanawake walicheka. Yadoni aliwatazama kwa uchungu. Elasa alinyoosha mkono, na mchuuzi, baada ya kusitasita, alimtolea gombo kutoka kwenye mfuko wa kitani. Elasa hakulifungua. Alipitisha kidole gumba pembezoni mwa ngozi.

"Kule hewa ya chumvi hula ngozi pembeni kama panya. Hii ni laini kama shavu la mtoto. Na hapa katika mshono kuna nini?" Alichokoa kwa ukucha. Kipande cha kioo cha buluu, chembamba kama mwiba wa samaki, kililala kiganjani mwake. Alikisogeza karibu na vikombe vya mkekani. Rangi ilikuwa moja.

"Mwalimu," Yadoni alisema taratibu, "twende kando."

Walisimama nyuma ya punda wake.

"Lilikuwa ndani ya kapu la vioo," alisema. "Mzigo kutoka Puteoli, kule Italia. Nimefungua makapu bandarini Yafa, kapu la chini kabisa, katikati ya majani makavu, nikalikuta limezungushwa kwenye kikombe. Naapa kwa kichwa changu."

"Watu gani wanafunga makapu hayo huko?"

"Watumwa, nani mwingine? Karakana za vioo zimejaa watu wetu waliotekwa. Wanapuliza, wanafunga, wanakufa."

"Kwa nini ukasema pango?"

Yadoni aliinua mabega. "Kwa sababu hakuna anayelia akisikia kapu."

Elasa alilichukua gombo kwa jina la baraza. Hakumkemea. Yule mtu alikuwa mwongo mdogo aliyekuwa amebeba, bila kujua, kitu kikubwa kuliko uongo wake.

*

Asubuhi ya Jumatano alilitandaza juu ya ubao, karibu na mlango, mahali penye mwanga. Mkuu wa baraza, mzee Hananeli, alimkuta hapo. Alikuwa mtu mrefu aliyepinda, mwenye nyusi nyeupe na fimbo ya mlozi.

"Nimesikia umemsumbua Zakai," alisema, akikaa bila kukaribishwa. "Na mchuuzi. Na sasa unasoma takataka. Yehieli, mtunza taa! Mtu anajificha nyuma ya marehemu ili asikilizwe. Mwongo ni mwongo hata akiandika kwa wino mzuri."

"Nilikuwa naanza kumhoji, mzee."

"Kumhoji nani?"

"Huyu." Elasa aligonga ngozi. "Ni shahidi. Anadai aliona. Basi namuuliza yale yale tunayomuuliza shahidi yeyote. Juma gani la miaka saba? Mwaka gani? Mwezi, siku, saa, mahali? Na kama shahidi yeyote, mahali alipokuwepo atajua, na mahali ambapo hakuwepo atababaika."

Hananeli aliegemeza fimbo ukutani. Alipenda kazi iliyofanywa sawasawa kuliko alivyochukia takataka. "Haya. Endelea."

"Anaona mawe manne ya kusagia, moja baada ya jingine. La shaba ni Babeli. La mti ni Wamedi na Waajemi. La marmari ni Wayunani. La chuma ni Rumi, ingawa halitaji. Mawe yanabadilika, ngano ni ile ile. Ngano ni sisi."

"Wote huandika hivyo. Falme nne, kila moja na kipimo chake, kama mtu anayegawa unga. Wanataka historia iwe na mkono unaoipima."

"Na wewe hutaki, mzee?"

Hananeli alionyesha ngozi kwa kidevu.

"Anasema aliishi Babeli," Elasa aliendelea. "Namuuliza: nani alitawala baada ya Nebukadreza? Ananijibu Koreshi, yule wa Uajemi, tena eti mwanawe wa kumzaa. Mtu aliyekula mkate wa Babeli angekosea hivyo? Hakuwa Babeli. Jiwe la pili analimaliza kwa mstari mmoja. La tatu, mistari michache, nusu yake uvumi. Halafu tunafika jiwe la nne." Sauti yake ilibadilika kidogo. "Hapa ghafla anaona. Anajua ngazi ziliwekwa ukuta upi. Anajua watu walitafuna mikanda yao, na kwamba mikanda ya buluu ilikuwa michungu kuliko ya kahawia. Anajua lango la kaskazini lilivyolia fedha yake ilipoyeyuka."

Mzee alifumba macho. Naye alikuwepo.

"Basi alikuwa Yerusalemu," alisema. "Na huenda alifia huko. Labda aliandika wakati mji ulipozingirwa."

"Nilifikiri hivyo pia. Lakini hakomi hapo. Anasema baba aliyelishika jiwe la chuma atakufa kitandani, na mwanawe wa kwanza atalishika. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kaisari na mwanawe. Kisha, katika mwaka wa kwanza wa huyo mwana, mlima wa magharibi utafunguka."

"Mlima ule wa Italia. Dunia nzima ilisikia. Mtu yeyote angeweza kuandika."

"Sisi tulisikia nini, mzee? Ulipohubiri habari za mlima ule, ulisemaje?"

"Nilisema moto ulishuka juu ya miji yao kama Sodoma."

"Moto. Sote tulisema moto. Sikiliza yeye anavyosema." Elasa aliinama, akasoma. "'Ukanyesha unga wa kijivu, na mchana ukazimwa kama taa. Watu wakatembea wamejifunga mito ya kulalia vichwani, kwa ajili ya mawe yaliyokuwa mepesi kama mkate. Nikashuka pwani, na mawe yalikuwa yakielea baharini.'" Aliinua kichwa. "Nani hapa Lodi angebuni mito ya kulalia? Nani angebuni jiwe linaloelea? Hilo si la kusikia, mzee. Huyu mtu alikuwa amesimama pwani ya Italia."

Nje, Bibi Tirza alikuwa akimfukuza kuku kwa maneno ambayo hayakumfaa mama wa mhoji wa baraza.

"Endelea," Hananeli alisema.

"Hayako mengi yaliyobaki. Anasema katika mwaka wa pili wa huyo mwana, jiwe la chuma litapasuka katikati. Mateka watarudi kwa barabara ya pwani. Nyumba itajengwa. Naye mwanamke atakuwa akisaga kwenye jiwe lake, na mume wake atalisikia kutoka chini mtaani."

"Halikupasuka," mzee alisema. "Yule mwana alikufa kwa homa. Mdogo wake akalichukua jiwe, na mpaka leo tunasagwa."

"Ndiyo. Hajui kwamba mwana atakufa. Hajui kwamba mdogo atatawala. Shahidi aliyekuwa akiona kila kitu, mpaka mto wa kulalia, ghafla amekuwa kipofu." Elasa aliweka kidole katikati ya mistari miwili. "Kwa nini? Kwa sababu hapa ndipo alipokuwa ameketi. Huku juu ni mambo aliyoyapitia, ameyavika nguo ya unabii. Huku chini ni mambo aliyoyatamani. Aliandika mlima ukiwa umekwisha kufunguka, na mwana angali hai. Miaka tisa au kumi baada ya moto wa Yerusalemu, Malkiya alikuwa hai, mtumwa, anafunga vioo."

Hananeli aliinama akaitazama ile nafasi tupu kati ya mistari miwili.

"Kumbe hakuwa mwongo," alisema. "Alikuwa na kiu."

"Alijificha nyuma ya Yehieli, mzee, lakini maumivu aliyoyaona ni yale yale. Taa ile ile imezimwa mara mbili."

Mzee alichukua fimbo yake, akasimama kwa shida. "Kesho hatumtangazi mjane. Utasimama utoe maelezo haya mbele ya wote. Na ukishamaliza, utaketi kwenye safu ya wazee wa baraza. Kiti cha kumi na moja kiko wazi, nasi tumekubaliana kiwe chako. Baba yako aliketi kwenye safu ya Yerusalemu. Ni wakati mtoto wake aketi kwenye hii iliyobaki."

Elasa alikuwa amekingoja kiti hicho tangu ndevu zake zilipoota.

"Jambo moja," Hananeli aliongeza akiwa mlangoni. "Tangu sasa husemi na yule mwanamke mpaka tumalize. Mhoji anayempelekea mwenye shauri habari kabla ya baraza hawezi kukaa kwenye safu. Unalijua hilo."

"Mzee, nilikwisha kumwahidi nitamwambia kwanza."

"Ulimwahidi kabla sijakukataza. Atakusamehe. Ni usiku mmoja tu wa kusubiri."

"Amesubiri wa kutosha."

"Elasa." Mzee alimtazama kwa upendo, na kwa hofu pia. "Sheria hii haikutungwa kwa ajili ya watu wabaya tu. Kama wahoji wataanza kunong'ona majumbani, kesho nani ataliamini baraza? Hatuna Nyumba, hatuna mfalme, hatuna askari. Tuna kuaminiwa tu."

"Najua, mzee. Sisemi sheria ni mbaya."

"Basi?"

"Nilitoa neno."

Hananeli alitikisa kichwa, akaondoka. Fimbo yake iligonga mawe ya mtaa hadi sauti ikapotea.

Bibi Tirza aliingia akiwa amemshika kuku miguu. Alimtazama mwanawe akivaa viatu.

"Na kile kiti?"

"Watampata mwenye kukikalia."

"Baba yako naye alikuwa na kichwa kama jiwe la mlango." Alimwachia kuku, akaenda jikoni, akarudi na mkate umefungwa kwenye kitambaa. "Shika. Gimzo ni mwendo."

*

Alifika jua likiwa limeanza kuegemea upande wa bahari. Mashamba ya Gimzo yalikuwa kimya. Mizabibu mingine ilikuwa imepogolewa, mingine ilikuwa imeachwa na nywele zake zote ikingoja mwisho wa dunia. Kwenye kisima Elasa alimuuliza mama mmoja nyumba ya Penina.

"Hujaisikia?" Mama yule alicheka. "Wewe nenda tu, baba. Masikio yatakupeleka. Miaka kumi na tano anatunyima usingizi wa mchana. Tumempelekea mafuta, kakataa. Yakimu alitaka kumtengenezea kijiti kipya, kakataa. Mwenyewe utasikia."

Elasa alipiga hatua chache, akasimama. Kutoka juu ya mtaa ulikuja mkwaruzo wa jiwe juu ya jiwe, mara moja, mara mbili. Na mara ya tatu kilio kirefu, chembamba, kama cha mbuzi aliyepotewa na mamake.

Penina alikuwa uani, amepiga magoti mbele ya jiwe, unga mikononi. Alipomwona aliacha kuzungusha.

"Hukuniambia kwamba bado unalo," Elasa alisema.

"Hukuniuliza. Malkiya alinirudisha kwa baba yangu kabla njia hazijafungwa. Mimi na punda na jiwe. Yeye akabaki na magombo yake." Alijipangusa mikono kwenye nguo. "Sema, mwalimu. Nimekaa tayari."

Akamwambia. Hakupamba, hakuruka. Alimweleza habari za lango na kapu tupu, vioo vya Puteoli, unga wa kijivu, mito ya kulalia, mawe yaliyoelea. Kisha akalitandaza gombo juu ya goti lake, kwa kuwa Penina hakujua kusoma, akamwonyesha ile nafasi.

"Mpaka hapa anakumbuka. Kuanzia hapa anatumaini."

"Kwa hiyo alikuwa ameketi hapa."

"Hapa."

Penina aliweka kidole chenye unga juu ya ngozi, akakiacha. Elasa hakukiondoa.

"Sasa yuko hai?"

"Sijui. Miaka mitano imepita tangu alipoandika. Siwezi kukushuhudia nisichokiona."

"Na mimi si mjane."

"Kesho baraza halitakutangaza. Lakini mtu akiwa motoni hatuna la kumfanyia. Akiwa mateka, tuna wajibu wa kumkomboa, mji mzima. Yadoni anajua karakana. Kuna watu wetu Kesaria wanaopanda meli kila kiangazi. Nitasimama nyuma ya ukumbi, lakini nitalisema mpaka wanifukuze."

"Nyuma? Si wewe ndiye mhoji wao?"

"Walitaka kunipa kiti cha safu, mradi nisikuletee habari. Nimekuja huku."

Penina alimtazama, akaelewa. Aliangalia mtungi mpya uliokuwa kando ya mlango, mtungi mzuri, mwembamba wa shingo, kazi ya mkono wenye subira.

"Nitamrudishia Yakimu mwenyewe," alisema. "Leo. Kabla na yeye hajalisikia barazani."

Elasa alilikunja gombo. Alama ya unga ilibaki kati ya mistari miwili, naye hakuifuta. Walipoagana, alitoka hadi mtaani, akaanza kuteremka kuelekea kisimani na barabara ya Lodi.

Nyuma yake jiwe lilianza tena. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa tatu lilipaza sauti, na kule kisimani mama yule aliziba masikio akicheka. Elasa alipunguza mwendo. Alilisikia hadi mwisho wa mashamba, na hata alipofika penye kona ya barabara bado lilikuwa likilia, kavu, bila tone la mafuta.